Kisaidizi Kipi Kinafaa? Somo Juu ya Kuweka Programu katika Arch Linux

Bwana Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niwaandikie vijana wa Chama cha Kompyuta, pamoja na wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni, maelezo juu ya jambo wanaloulizana kila Jumamosi: mtu anayetumia Arch Linux achague yay au paru? Nimekubali kwa furaha. Lakini sina budi kukiri kwamba jibu langu la leo silo lile ambalo ningalitoa miaka michache iliyopita. Wakati ule ningalisema, "Tumia kilicho chepesi," kisha ningaliendelea na shughuli zangu. Yaliyonipata mwezi wa Septemba 2024, mbele ya wanafunzi kumi na wawili, ndiyo yaliyonigeuza, nami nitayaeleza mahali pake. Kwanza tuanze na msingi, maana wako wasomaji ambao mambo haya ni mageni kwao.

1. Ghala mbili

Arch Linux ni mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ulioanzishwa mwaka 2002 na Judd Vinet, mtu wa Kanada. Kusema ni huria maana yake ni kwamba maandishi yaliyounda programu zake yamewekwa wazi. Ye yote ana ruhusa kuyasoma, kuyatengeneza na kuwapa wengine. Programu za Arch hufungwa katika vifurushi, na mtumishi wa kuvileta, kuviweka na kuviondoa huitwa pacman. Mathalani, ukitaka programu ya kuchorea picha iitwayo gimp, utaandika:

sudo pacman -S gimp

Mara pacman huenda kwenye ghala rasmi, huleta kifurushi kilichokwisha kuundwa, hutazama sahihi yake kama ni ya mtunzaji anayejulikana, kisha hukiweka mahali pake. Ghala hili lina wenyewe, na wenyewe wanajulikana.

Walakini programu za dunia ni nyingi kuliko watunzaji. Kwa hiyo liko ghala la pili, ndilo Ghala la Watumiaji wa Arch, ambalo kwa ufupi huitwa AUR. Humo hamna vifurushi vilivyo tayari. Mna karatasi za maelekezo tu, na kila karatasi huitwa PKGBUILD. Tofauti yake ni hii: katika ghala rasmi unapewa chakula kilichopikwa, katika AUR unapewa maandishi ya jinsi ya kupika, nawe upike mwenyewe nyumbani kwako. Tena, na hili ndilo neno la kukumbuka hata mwisho wa somo, maandishi hayo yaweza kuandikwa na mtu ye yote aliyejiandikisha. Mmoja ni fundi mwaminifu, mwingine ni mwanafunzi anayejaribu, na mwingine ni mwizi. Wote mlango wao ni mmoja.

2. Kazi ya mkono

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kabla ya kusema habari za visaidizi yafaa tujue kazi yenyewe wanayotusaidia. Mtu anayetaka programu kutoka AUR, akiwa amekwisha kuweka git na base-devel kwa pacman, hufanya hivi:

git clone https://aur.archlinux.org/jina.git
cd jina
less PKGBUILD
makepkg -si

Badala ya "jina" huandika jina la kifurushi anachokitaka. Amri ya kwanza huleta folda yenye karatasi ya maelekezo. Ya pili humwingiza katika folda hiyo. Ya tatu humfungulia karatasi aisome. Ya nne huleta maandishi ya programu kutoka kwa waliyoitunga, huyaunda kuwa kifurushi, kisha humwita pacman akiweke. Nanyi jueni kwamba makepkg hukataa kabisa kufanya kazi kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, yaani root. Si ukaidi, ni hekima. Karatasi ya mtu usiyemjua haifai kupewa funguo zote za nyumba wakati wa kupika.

Kazi hii si ngumu, lakini ina kero mbili. Kwanza, programu moja yaweza kutegemea nyingine iliyomo AUR, na hiyo kutegemea ya tatu, nawe itakupasa kuzitafuta zote na kuziunda kwa utaratibu wake. Pili, ukiisha kuiweka, pacman hataijadidi. Kila mara itakubidi urudi mwenyewe kuangalia kama imetoka mpya. Mwenye programu mbili za namna hiyo hatasumbuka. Mwenye ishirini atachoka.

3. Visaidizi vilivyotungwa

Kwa ajili ya kero hizo watu wametunga visaidizi. Kisaidizi hutafuta, huleta karatasi, hupanga nini kitangulie na nini kifuate, huita makepkg, na kila ukijadidi mfumo wako hujadidi na programu zilizotoka AUR.

Kwa miaka mingi kilichosifika kiliitwa yaourt, neno ambalo kwa Kifaransa ni maziwa ya mgando. Kilikuwa na kosa kubwa: kiliisoma karatasi na kuitekeleza sehemu yake kabla ya kumwonyesha mtumiaji. Ni kama mtu anayekuonjesha uyoga, kisha ndipo anakuuliza kama unadhani una sumu. Sasa kimeachwa na hakitunzwi tena.

Mwaka 2016 kikatokea yay, ambacho jina lake ni mzaha tu juu ya maziwa yale yale. Kimeandikwa kwa lugha ya Go. Mwaka 2020 kikatokea paru, kwa lugha ya Rust, na aliyekitunga alikuwa amefanya kazi nyingi katika yay. Kwa hiyo msishangae mkiona vinafanana kama ndugu. Vipo na vingine, kama pikaur na trizen, lakini hivi viwili ndivyo vinavyobishaniwa zaidi.

Sasa angalieni jambo moja. Hakuna hata kimoja kilichomo katika ghala rasmi la Arch. Vyote vimo AUR, na watu wa Arch wameandika wazi kwamba wao hawavisimamii. Atumiaye atumie kwa hiari yake. Maana yake ni kwamba kisaidizi chako cha kwanza huna budi kukiunda kwa mkono, kwa amri zile nne. Mimi sikufanya hivyo. Nilipoanza, rafiki yangu aliniwekea yay katika kompyuta yangu jioni moja tukiwa tunapiga soga, nami sikumwuliza amefanyaje. Kwa miaka mitano nikaandika yay na kubonyeza Enter, nikajiona fundi.

4. Yaliyonipata Septemba 2024

Jumamosi ile tulikuwa na kazi ya gazeti hili hili. Kurasa zilikuwa zimekwisha kupangwa katika kompyuta ya Chama, na Jumatatu asubuhi nakala za kusahihisha zilitakiwa mezani kwa mwalimu. Shule ilikuwa imepata printa mpya, na programu ya kuiendesha haikuwamo katika ghala rasmi, ilikuwamo AUR. Juma lililotangulia nilikuwa nimewaambia vijana kwa majivuno, "Hiyo ni kazi ya dakika tano."

Kwanza nikajadidi mfumo mzima kwa sudo pacman -Syu, kama ipasavyo. Kazi hiyo ilikula karibu bando lote tulilokuwa nalo. Kisha nikaandika yay na jina la programu ya printa. Jibu likaja kwa mstari mmoja: libalpm.so.14 haionekani. Nikaandika tena. Jibu likawa lile lile. Nikazima kompyuta na kuiwasha. Lile lile. Vijana kumi na wawili walikuwa nyuma yangu, na chumba kikawa kimya.

Leo najua sababu yake. Pacman alikuwa ametoka katika toleo la 6 na kuingia la 7, na maktaba yake, yaani lile fungu la kazi ambalo programu nyingine huliazima, ikabadilika kutoka libalpm.so.14 kuwa libalpm.so.15. Yay na paru vyote viwili huiazima maktaba hiyo. Vilivyokuwa vimeundwa zamani vikatafuta namba ya zamani visiione, vikakataa kuamka. Dawa yake ilikuwa kuviunda upya kwa mkono. Lakini mimi nilikuwa nimemzoea mtumishi ambaye sasa alikuwa mgonjwa, na kazi yake sikuijua.

Ndipo kijana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono. "Mwalimu," akasema, maana ndivyo wanavyoniita ingawa mimi si mwalimu, "naomba nijaribu bila yay."

Nikampisha kiti. Kumbe kijana huyu alikuwa akitumia kompyuta kuukuu ya mjomba wake, na kwa kuwa hakuwa na rafiki wa kumwekea kisaidizi, siku zote alifanya kwa mkono. Akaleta karatasi ya printa ile. Akaifungua, akaisoma mstari kwa mstari kwa sauti, akituonyesha kwamba programu inaletwa kutoka kwa watengenezaji wa printa wenyewe na si mahali pengine. Kisha akaandika makepkg -si. Kabla kengele ya chakula cha jioni haijalia, ukurasa wa kwanza ulikuwa umetoka. Akaiunda na yay upya kwa amri zile zile, ikaamka.

Mimi nilikuwa na miaka mitano katika Arch, yeye alikuwa na miezi minane. Lakini mimi nilijua kumtuma mtu sokoni tu. Yeye alilijua soko.

5. Hatari iliyo kubwa kuliko aibu

Yangu yaliishia katika aibu. Wengine wamepata makubwa zaidi, na yafaa vijana wayajue.

Katika AUR karatasi ambayo mwenyewe ameiacha huitwa yatima, na mtu mwingine ye yote aweza kuichukua kuilea. Julai 2018 mtu mmoja aliichukua karatasi yatima ya acroread, programu ya zamani ya kusomea PDF, akaingiza humo mistari michache iliyoleta maandishi mengine kutoka mtandaoni na kuyatekeleza, ili kukusanya habari za kompyuta za watu. Iligunduliwa na kuondolewa upesi. Lakini fikirini: aliyekuwa nayo tangu zamani, akaijadidi siku ile bila kusoma, alipokea kitu kipya chini ya jina alilolizoea.

Tarehe 16 Julai 2025 mambo yakawa mabaya zaidi. Yaliwekwa majina mapya: librewolf-fix-bin, firefox-patch-bin na zen-browser-patched-bin. Yalijifanya kuwa matengenezo ya vivinjari vinavyojulikana. Ndani yake mlikuwa na CHAOS RAT, programu inayompa mtu wa mbali uwezo wa kuitawala kompyuta yako kana kwamba ameketi mbele yake. Tarehe 18 Julai watu wa Arch walikuwa wamekwisha kuyafuta, wakawashauri waliokwisha kuyaweka wayaondoe na kuzichunguza kompyuta zao.

Tazameni jinsi mtego ulivyotegwa. Hawakusema, "Njoo uibiwe." Walisema, "Njoo, hapa kuna dawa." Na kisaidizi cho chote, kiwe yay au paru, kingaliileta dawa hiyo kwa utii ule ule kinaoleta programu njema. Kisaidizi hakijui wema na ubaya. Anayejua ni wewe, ukisoma.

6. Namna ya kusoma karatasi

Mwenda pole hajikwai. Si lazima uwe bingwa. Tazama mambo haya matano:

(a) Jina na ukurasa wake. Nani anaitunza, tangu lini, na watumiaji wengine wamesema nini chini yake? Jina jipya linalodai kuwa "fix" au "patch" ya programu mashuhuri lishuku.

(b) Mstari wa source. Je, programu inatoka kwa watungaji wake wenyewe, ama kwa mtu mwingine asiyejulikana?

(c) Mistari ya sha256sums. Hizi ni hesabu za kuthibitisha kwamba faili halikubadilishwa njiani. Ukiona SKIP, uliza sababu. Kwa vile viishavyo kwa -git ni kawaida, maana maandishi yake hubadilika kila siku. Kwa vingine jihadhari.

(d) Amri kama curl au wget ndani ya kazi za kuunda. Vitu vya kuleta vilipaswa kutajwa katika source. Kinacholetwa kwa mlango wa nyuma kina neno.

(e) Faili la .install, kama lipo. Hili hutekelezwa na pacman kwa mamlaka ya root. Lisome mara mbili.

Tena jueni mikia ya majina. Kiishacho kwa -bin kimekwisha kuundwa na wengine. Kiishacho kwa -git huundwa kwa maandishi mapya kabisa. Kisicho na mkia kwa kawaida huundwa nyumbani kwako kwa toleo lililotangazwa. Mara moja nilisahau mkia huo, na kompyuta yangu yenye kumbukumbu ya GB 4 ikaunda kivinjari usiku kucha, asubuhi ikakwama kabla ya kumaliza.

7. Basi tuvilinganishe

Kwa amri, yay na paru ni sawasawa. Vyote huiga pacman: -Ss kutafuta, -S kuweka, -Syu kujadidi. Tahadhari: ukiandika yay peke yake au paru peke yake na kubonyeza Enter, kinaanza kujadidi mfumo mzima. Mwenye bando dogo akumbuke. Wala usijaribu kuokoa bando kwa kuandika pacman -Sy kisha kuweka kitu kimoja. Mfumo utakuwa nusu mpya nusu wa zamani, na Arch haikubali hali hiyo.

Kwa kuundwa, yay ni chepesi kidogo. Paru huhitaji Rust, na katika kompyuta dhaifu kazi hiyo huchukua muda mrefu. Vipo yay-bin na paru-bin vilivyokwisha kuundwa, lakini siku maktaba ya pacman itakapobadilika tena, hivyo havitengenezeki kwa kuundwa upya nyumbani. Itakubidi ungoje watungaji wake, au uunde kile kisicho na -bin.

Kwa kusoma, hapo ndipo penye tofauti ya kweli. Yay hukuuliza ni karatasi zipi ungependa kuziona; ukibonyeza Enter bila kujibu, huendelea bila kukuonyesha hata moja. Paru kwa desturi yake hukuwekea karatasi mbele ya macho yako kwanza, kisha hukuuliza kama uendelee. Usipotaka kusoma, wewe ndiwe utakayejitahidi kuiruka. Kwa hiyo kwa yay uvivu husema "ndiyo". Kwa paru uvivu hukukuta karatasi imefunguliwa.

8. Shauri langu

Kijana anayeanza asitumie kisaidizi cho chote. Aunde vifurushi vitano kwa mkono, akisoma kila karatasi. Cha sita kiwe paru, nacho akiunde mwenyewe, apate kujua kilikotoka. Mwenye kompyuta dhaifu, au aliyekwisha kuizoea yay, aitumie bila hofu, mradi kila ikiulizwa ajibu A, yaani aonyeshwe zote.

Kwa chumba chetu cha kompyuta, nashauri jingine: tutumie aurutils. Hivyo ni vyombo vya kutengeneza ghala dogo letu wenyewe. Kompyuta moja itaunda programu mara moja, karatasi ikiwa imesomwa na wanachama wawili, na zile nyingine zitachukua kifurushi kwa pacman kupitia nyaya za shule, bila kula bando.

Na yule kijana wa kidato cha tatu? Sasa anatumia paru. Nilimwuliza kwa nini, ikiwa mkono wake waweza yote. Akanijibu, "Mwalimu, mtu akijua kuchota maji kisimani, hakatazwi kufunga bomba." Sina la kuongeza.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya ghala rasmi na AUR kwa mfano wako mwenyewe, usiokuwa wa chakula.
2. Kwa nini makepkg hukataa mamlaka ya root?
3. Karatasi yatima uliyoitumia miaka miwili imepata mlezi mpya jana. Utatazama nini kabla ya kuijadidi?
4. Chagua karatasi moja ya AUR, uisome yote, na uandike kwa Kiswahili kila mstari wake unafanya nini. Atakayeifanya hii ya nne aniletee Jumamosi. Nitaisoma mbele ya Chama, na nikikosea katika kuisahihisha, anisahihishe yeye.